Kabla hujauza kiwanja kwenda kufanya kazi ya afya Ulaya: uliza kule utaitwa nani

Mpwani wa Shela (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi, na wengine wote hamjambo.

Niko nyumbani Malindi kwa likizo ya wiki nne (Shela yangu ni ya Malindi, si ya Lamu), na tangu nifike sijakaa baraza moja bila kuulizwa, "Kaka, na mimi natokaje?" Juzi alinijia kijana wa Barani, ana digrii ya saikolojia, kakamata bahasha ya kaki. Baba yake ameshapata mnunuzi wa kiwanja chao cha Mambrui, pesa ziende kwa wakala aliyemwahidi "kazi ya saikolojia Uingereza". Nikamwomba barua. Nikaisoma mara mbili, nikamwekea kidole kwenye mstari wa tatu, palipoandikwa cheo cha kazi. Kijana akanyamaza kitambo kizima. Cheo kilikuwa cha mhudumu wa wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwabadilisha nguo. Kazi ya heshima, na mimi nimeifanya. Lakini si saikolojia, na haikuwa na thamani ya kiwanja.

Mstari ule naujua kwa sababu na mimi niliupata. Kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho, nieleze yangu na ya mke wangu, maana tulitoka nyumba moja tukafika mji mmoja, ila yeye alifika akiwa muuguzi na mimi nikafika si chochote.

Mke wangu ni muuguzi wa diploma, miaka tisa wadini. Mimi ni mnasihi, nina shahada ya uzamili ya saikolojia ya unasihi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa na vijana wanaoacha unga. Anayeijua Malindi hahitaji kuelezwa. Kliniki ya methadoni ilipofunguliwa hapa mwaka 2015, nilikuwa napita maskani kuwaelewesha vijana kwamba ile dawa ya kunywa kila siku si sumu wala si unga mwingine. Nimekaa na akina mama saa nane za usiku, mtoto yuko arosto, anatapika na kutetemeka, mama anauliza kama afunge mlango au amwache aende. Hiyo ndiyo shule yangu.

Mwisho wa 2021 mke wangu akaanza safari ya makaratasi. Uuguzi kule Uingereza uko chini ya baraza moja, NMC. Kwanza Kiingereza: IELTS ya kitaaluma, alama 7 kusoma, kusikiliza na kuzungumza, 6.5 kuandika. Kisha baraza lipitie vyeti vyako, pauni 140. Kisha mtihani wa kompyuta uitwao CBT, ambao unafanyika Nairobi, pauni 83, una sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya uuguzi wenyewe. Hayo alilipa mwenyewe kwa mshahara wake, kidogo kidogo, bila ya kuuza hata kuku. Kazi aliomba mwenyewe kwenye tovuti ya ajira ya NHS, huduma ya afya ya serikali yao, akahojiwa kwa video sebuleni kwa mama yangu, kuku tumewafungia jikoni wasimharibie. Hospitali ikagharamia tiketi na mtihani wa mwisho, OSCE, ambao ni wa vitendo, unaofanywa ukishafika.

Huo OSCE ndio naomba wauguzi muufahamu. Ni vituo 10, na mtahini hakupi alama kwa unachokijua, anakupa kwa anachokiona na kukisikia. Mke wangu alifanya mazoezi miezi mitatu kabla ya kusafiri. Mgonjwa alikuwa mto wa kitanda, amevikwa bangili ya karatasi yenye jina na tarehe ya kuzaliwa, na binti yetu wa miaka sita ndiye mtahini. "Naosha mikono. Namuuliza jina lake kamili. Nalilinganisha na bangili. Namuuliza kama kuna dawa inayomdhuru." Kila kitu kwa sauti. Wadini kwetu ukisema hivyo wenzako watakuona umechanganyikiwa, mikono huosha kimya kimya kwa sababu wagonjwa ni arubaini. Na pamoja na mazoezi yote alianguka vituo viwili: aliiangalia bangili kwa macho, hakutamka. Kurudia vituo vichache ni pauni 397, mtihani mzima ni 794. Alirudia akapita, akalipa 153 za kuandikishwa, akawa muuguzi. Jina lake lilivuka bahari likafika zima.

Sasa mimi.

Nilitaka nifike kwa miguu yangu, nisiandikwe kwenye viza kama mtu aliyemfuata mkewe. Ndipo nikampata wakala Mombasa. Ofisi nzuri, kiyoyozi, bendera ndogo mezani. Nikampa shilingi 280,000, mafao yangu ya miaka yote kwa shirika nililokuwa nalo. Barua ilipokuja niliifungulia kwenye kibanda cha sharubati, na mstari wa tatu ulikuwa ule ule. Nilipompigia akaniambia, "Ukifika utabadilisha." Pesa haikurudi mpaka leo.

Hakuna "utabadilisha". Nilikuja kuyafahamu baadaye yale ambayo ningeyasoma bure kwenye tovuti ya HCPC, chombo kinachoandikisha wanasaikolojia kule. Neno "mwanasaikolojia" peke yake halilindwi na sheria yao, lakini majina yenye kazi ndani yake yanalindwa: mwanasaikolojia wa kliniki, wa unasihi, wa elimu, wa mahakama na magereza, wa afya, wa kazi, wa michezo. Ukijiita moja katika hayo bila kuwa kwenye daftari lao, umevunja sheria. Na njia ya kawaida ya kuingia daftari hilo, kwa kliniki na kwa unasihi, ni masomo ya kiwango cha uzamivu wa kitaaluma. Wa nje wanapimwa wakilinganishwa na hao. Shahada yangu ya uzamili, ambayo huku ndiyo iliyonipa kazi, kule inasimama nje ya mlango.

Na tangu tarehe 22 Julai 2025 hata ule mlango wa mhudumu wa wazee umefungwa kwa maombi mapya kutoka nje ya Uingereza. Anayewauzia leo viza hiyo anawauzia kitu kisichokuwepo. Nawaomba sana, mwambieni na jirani asiyekuwa na simu.

Maswali yaleteni. Nitajibu kila ninalolijua.

---

Nesi Kisiwani

Shukran sana kaka. Mimi ni muuguzi Lamu, diploma, miaka mitano. Nilisikia kwamba Uingereza imepiga marufuku kuchukua wauguzi wa Kenya, ndiyo maana nikaacha kujisumbua. Kuna ukweli?

---

Mpwani wa Shela

Dada, umeambiwa nusu. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Uingereza inazipanga nchi kwa rangi, nyekundu ni za kutochukuliwa wahudumu na kijani ni ruhusa, na Novemba mwaka huo huo Kenya ikawekwa kwenye orodha ya katikati. Maana yake, waajiri na mawakala wasije huku kuwashawishi watu nje ya makubaliano ya serikali mbili. Lakini muuguzi akijiombea mwenyewe, moja kwa moja kwa hospitali, hakatazwi. Mke wangu alipita hivyo hivyo.

Na kanuni zao zinakataza mtu kutozwa pesa ili atafutiwe kazi ya afya. Basi akikwambia "lete ada ya usajili wa kazi", mazungumzo yameishia hapo. Mwajiri mwenyewe unamtafuta kwenye orodha ya serikali yao ya walioruhusiwa kuleta wafanyakazi kutoka nje, iko wazi mtandaoni. Wakala wa huku unamtafuta kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Jambo moja zaidi, na hili wengi hawaambiwi: ukipata mkataba, tafuta kifungu cha kurudisha gharama. Hospitali ikikulipia tiketi na mtihani, huenda ikakutaka urudishe ukiondoka mapema. Uliza ni kiasi gani na kinapungua vipi kila mwezi. Uliza kabla ya kutia saini, si ukiwa kule na baridi.

---

Mtoto wa Barani

Kijana wa bahasha ni mimi. Kiwanja hakijauzwa, baba amemrudishia mnunuzi arubuni jana jioni. Mama amelala leo kwa mara ya kwanza wiki hii.

Lakini kaka nielewe, nimemaliza chuo mwaka wa tatu huu, nimejitolea mahali pawili bila mshahara, nauli najilipia. Na mimi nina Kitaliano, nimekulia ufuoni nikiuza vinyago. Italia je?

---

Mpwani wa Shela

Alhamdulillahi kwa kiwanja.

Mdogo wangu, Kitaliano chako ni mali, usikidharau. Lakini Italia ni kali kwenye jina hili kuliko Uingereza. Tangu sheria yao ya mwaka 1989, mwanasaikolojia lazima awe ndani ya jumuiya yao ya kitaaluma, hapana cha nusu. Ungekuwa muuguzi ningesema vingine: Wizara ya Afya yao inatambua diploma, halafu unaingia jumuiya ya wauguzi baada ya kupimwa lugha, na hapo kijana wa Malindi anawatangulia wengi.

Digrii moja ya saikolojia haitoshi karibu kokote. Australia wanataka mlolongo wa masomo wa miaka sita. Marekani, majimbo mengi yanataka shahada ya uzamivu pamoja na mtihani uitwao EPPP. Kanada kila mkoa na sheria yake, na Alberta wanapokea wenye uzamili. Kwa hiyo swali lako la kwanza si "nchi gani", ni "nisome nini kwanza, na je, bodi ya huko itaitambua". Waandikie barua pepe. Ni bure, na wanajibu.

Na huku jiandikishe chini ya sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Bodi ya nje itaiuliza bodi ya kwenu kama inakujua. Ukiwa hukuandikishwa kwenu, huko utasema wewe ni nani?

---

Fundi wa Dawa, Riyadh

Nawasoma kutoka Saudia. Mimi mtu wa Pate, niko huku mwaka wa nne, famasia.

Njia ya huku: Tume ya Saudia ya Taaluma za Afya ndiyo inayotoa leseni. Kabla ya leseni vyeti vinakwenda DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, na hao hawakubali nakala yako hata ikiwa na mihuri kumi, wanamwandikia msajili wa chuo chako moja kwa moja. Kisha mtihani wa Prometric. Kiarabu cha chuoni kilinisaidia kusoma majina na ishara, ila mgonjwa akizungumza lahaja yake nilikaa miezi sita sishiki neno. Msijidanganye kwamba mmehitimu juzuu thelathini basi mtaelewana na mzee wa Najran.

Kilichonichelewesha mimi miezi mitano ni JINA. Cheti cha kuzaliwa Mohamed, cheti cha sekondari Muhammad, kitambulisho Mohammed na jina la babu limekatwa. Sisi Wapwani hili ni gonjwa letu. Karani aliandika alivyosikia, mzee akatia dole gumba. DataFlow wanaona watu watatu. Nendeni kwa wakili mkarekebishe sasa, kwa hati ya kiapo au ya kubadili jina, kabla hamjaanza lolote.

---

Bi Mkubwa wa Mambrui

Wanangu, nawasoma kwa simu ya mjukuu wangu. Mimi si msomi. Nataka kumuuliza huyu mwanzishaji. Wakati ule wa Shakahola, msitu wa watu waliofungishwa mpaka wakafa, alikuwepo hapa mtu mmoja wa nasaha, kijana mpole, alikaa na dada yangu pale hospitali siku tatu. Dada yangu alikuwa akimtafuta mwanawe na wajukuu. Nyinyi mkienda nyote, siku kama ile ikirudi nani atakaa na sisi?

---

Mpwani wa Shela

Mama, shikamoo. Nimelisoma swali lako asubuhi, nimelijibu saa hizi za usiku kwa sababu sikutaka kulijibu haraka.

Nilikuwepo. Sijui kama kijana huyo ni mimi, tulikuwa wengi, na wengi walitoka Nairobi na Mombasa na mahali pengine. Tiketi yangu ilikuwa ya Mei 2023. Aprili wakaanza kufukua kule msituni, na miili ikawa inaletwa hapa mjini. Nikampigia mke wangu, nikamwambia siwezi kuondoka. Akanyamaza, kisha akasema, "Kaa." Nilikaa mpaka Novemba. Kazi yetu chini ya lile hema la Msalaba Mwekundu ilikuwa kukaa na watu wanaosubiri jina. Kulikuwa na mzee akija kila asubuhi na picha ya pasipoti ya mwanawe ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari, ameukunja mara nne. Hataki nasaha, hataki chai. Anataka mtu akae ubavuni pake asimuulize kitu. Mwezi wa pili ndipo aliposema neno, akaniuliza kama DNA inauma. Nikamwambia wanapitisha pamba ndani ya shavu tu. Akafungua kinywa chake pale pale, akanionyesha, kama mimi ndiye mwenye pamba.

Waliofukuliwa walipita 400. Walipoanza kuwakabidhi jamaa miili ya kwanza, Machi 2024, mimi nilikuwa ndani ya basi kule Uingereza, nakwenda zamu ya usiku, naisoma habari kwenye simu. Nilipitiliza kituo changu. Sijui kama yule mzee alimpata mwanawe.

Mama, sina jibu zuri. Nilikuwa nafanya kazi kwa mikataba ya miezi sita sita, na kila wa sita ukiisha nakaa mwezi mzima sijui kama nitaitwa tena. Watoto wanasoma. Kaburi haliulizi mkataba, lakini muuza duka anauliza deni lake. Na bado nasema ulilouliza ni haki yako kuuliza, na kila anayeondoka anafaa alisikie kabla ya kupanda basi.

---

Nesi Kisiwani

Bi Mkubwa umenitoa machozi zamuni.

Mimi niseme upande wetu. Nikiondoka mimi, chumba cha kujifungulia usiku anabaki mmoja. Dau likitoka kisiwa cha pili na mama mwenye uchungu, huyo mmoja atagawanyika. Nalijua hilo na bado nataka kwenda, miaka mitatu, nijenge nyumba ya mama, nirudi. Sioni haya kusema yote mawili.

---

Mpwani wa Shela

Wala usione haya.

Niwaelezeni nilipofikia, maana nilisema nilifika si chochote na sikumaliza. Niliingia kwa viza ya kumfuata mke, ile ile niliyoikimbia. Kumbe ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu mtu wa muuguzi anaruhusiwa kufanya kazi. Nikawa msaidizi kwenye wadi ya wagonjwa wa akili. Kukaa usiku mlangoni kwa mgonjwa ambaye hafai kuachwa peke yake, unaandika kila robo saa: amelala, ameamka, ametembea. Wauguzi wa pale hawakujua nilikuwa nani huku. Usiku mmoja kijana wa Kizungu alikuwa arosto, heroini, wamemwita daktari hajafika. Nikakaa naye chini sakafuni kama nilivyokaa na watoto wa Majengo na Kisumu Ndogo. Jasho ni lile lile, na namna anavyokumbatia magoti ni ile ile. Nilijua la kufanya na la kutofanya. Asubuhi msimamizi wa wadi akaniuliza nilisomea wapi haya. Nikamwambia, Malindi. Akaniomba nimtajie tena, akaliandika jina hilo mwenyewe kwenye karatasi.

Yeye ndiye aliyenielekeza kwenye kazi isiyohitaji lile daftari la HCPC. Kuna huduma ya mazungumzo ya tiba ya NHS, ilianza mwaka 2008, na ndani yake kuna watu wanaofundishwa mwaka mmoja, huku wanalipwa, kuwasaidia wenye sonona na wasiwasi wa kiwango cha chini na cha kati, mara nyingi kwa simu. Niliomba mara tatu. Mara ya tatu nimepata, naanza Januari. Kwa shahada yangu ni kurudi nyuma madarasa mawili, najua. Lakini nitakuwa na jina, na jina hilo litakuwa la kazi yangu.

Nitajifunza upya kuuliza. Huku kwetu mtu hakwambii ana huzuni. Anakwambia moyo unamwenda mbio, mwili umemlegea, kichwa kinamchemka, au ameambiwa ana jini. Wewe unaanzia hapo hapo alipo. Kule wanaanza na fomu ya kupima sonona, PHQ-9, maswali tisa, alama za juu kabisa 27, na namba inasaidia kuamua aende wapi. Fomu hiyo iko na kwa Kiswahili, nimeitumia hapa. Ila huku nilikuwa naijaza mwishoni, tukishakunywa chai.

---

Mtoto wa Barani

Kaka, na Ujerumani? Kuna jamaa anasema wametia saini na sisi.

---

Mpwani wa Shela

Kweli, Septemba 2024, Berlin. Lakini makubaliano hayakupi kazi wala lugha. Muuguzi anatakiwa Kijerumani cha kiwango cha B2 ili cheti kitambuliwe kikamilifu, na hiyo si lugha ya miezi mitatu. Wewe kwa sasa rudi kwenye swali la nini usome. Kesho baada ya Alasiri nitakuwa ufuoni, upande wa kwenda mnara wa Vasco da Gama. Njoo na transkripti zako zote, tuone una masomo gani ya kliniki na saa ngapi za mazoezi chini ya msimamizi, ndipo tuandike barua pepe pamoja.

---

Nesi Kisiwani

Jamani nimefungua kabati leo. Cheti cha kuzaliwa ni Mwanakhadija neno moja. Cheti cha sekondari ni Mwana Khadija maneno mawili. Leseni ya uuguzi ni Khadija peke yake.

---

Fundi wa Dawa, Riyadh

Umeona! Anza na cheti cha kuzaliwa, vingine vyote vikifuate hicho. Na usisubiri mpaka upate kazi, mimi nilisubiri.

---

Mpwani wa Shela

Na ukishuka Mombasa kwa wakili, dada, chukua na kitambulisho cha baba na cha mama. Mke wangu alirudishwa kwa hilo, nauli ya bure kwenda na kurudi. Pasipoti usiiombe kabla jina halijakaa sawa.

Mtoto wa Barani, lete na cheti chako cha kuzaliwa kesho. Tuangalie na lako.